Bunduki Kabatini na Mtoto Nyumbani



Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mahakama ya jimbo la Michigan nchini Marekani iliwahukumu mume na mke kifungo cha miaka isiyopungua 10 na isiyozidi 15 kila mmoja. Watu hao hawakumpiga mtu risasi, wala hawakuwapo mahali zilipopigwa. Aliyezipiga ni mtoto wao wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku ile ya tarehe 30 Novemba 2021 alipoingia na bastola katika shule yake ya sekondari katika mji wa Oxford, akaua wanafunzi wenziwe wanne na kuwajeruhi watu wengine saba. Yeye mwenyewe alikwisha kukiri makosa, na Desemba 2023 alifungwa maisha. Lakini dola haikuishia kwa mtoto. Iliwafuata wazazi, ikawashtaki kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kila mmoja wao alipatikana na hatia katika kesi yake peke yake. Hapo kabla, hakuna wazazi nchini Marekani waliopata kutiwa hatiani kwa kosa kama hilo kwa sababu ya mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni.

Inafaa kesi hiyo ielezwe kwa kirefu, kwa kuwa swali lililoamuliwa pale si la Wamarekani peke yao. Bunduki imo nyumbani, na mtoto yumo nyumbani: ni nani mwenye kujibu?

Bastola ile ilinunuliwa na baba siku nne tu kabla ya mauaji, naye kijana alikuwapo dukani. Ilikuwa zawadi ya mtoto. Kesho yake mama alimpeleka mahali pa kujifunzia shabaha. Siku moja kabla ya msiba, mwalimu alimkuta kijana akitafuta risasi katika simu yake darasani. Shule ikamwarifu mama, na mama akamwandikia mwanawe kwa mzaha kwamba hakumkasirikia, ila ajifunze kutoshikwa. Asubuhi ya siku yenyewe mwalimu mwingine aliona karatasi ambayo kijana alikuwa ameichora bunduki na mtu anayevuja damu, pamoja na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Walifika, wakaambiwa wamtafutie mtoto mshauri wa kumtuliza akili, kisha wakarudi kazini. Hawakumchukua. Hawakusema kwamba nyumbani kumenunuliwa bastola. Wala hakuna mtu aliyefungua mkoba wa kijana, si wao wala wakuu wa shule, na bastola ilikuwa humo humo.

Baba aliwaambia wapelelezi kwamba aliificha silaha kabatini, na risasi akazifunika kwa nguo katika mtoto wa meza mwingine. Kufuli ya waya iliyouzwa pamoja na bastola ilikutwa ingali katika mfuko wake, haijatumika. Hapo ndipo penye kiini cha kesi hii, na ndipo penye somo kwa kila mwenye silaha, awe wapi awapo. Kuficha si kufungia. Mtoto anaijua nyumba kuliko baba yake: anajua sukari inawekwa wapi, anajua fedha za mama zimefungwa katika pindo la nguo ipi. Je, atashindwa kujua ilipo bunduki?

Wapo wazazi wenye kudhani kwamba mtoto akionywa vizuri imetosha. Katika mwaka 2001 waganga wa watoto wa mji wa Atlanta walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wavulana 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Waliwaweka katika vikundi vidogo 29, kila kikundi kwa zamu, ndani ya chumba kilichofichwa bastola ya kweli isiyoweza kudhuru, huku wao wakiwachungulia kwa kioo cha upande mmoja. Vikundi 21 viliiona bastola. Katika 16 kati ya hivyo, watoto waliishika. Katika vikundi 10 alipatikana mtoto mmoja au zaidi aliyevuta kifyatulio. Wengi hawakuweza hata kutambua kama ni bastola ya kweli au ya kuchezea. Na zaidi ya tisini katika kila mia ya wale walioishika walikuwa wamekwisha kufundishwa hatari ya silaha. Haidhuru, mtoto afundishwe; lakini mzazi asiutegemee ufahamu wa mtoto kama anavyoitegemea kufuli.

Kuna na jambo lingine ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Bastola inayojipakia yenyewe ikitolewa kibweta chake cha risasi huonekana tupu, kumbe risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, tayari kutoka. Ajali nyingi zinazosimuliwa kwa maneno ya kwamba "nilidhani haina kitu" ni za risasi hiyo moja. Wala nguvu haihitajiki: mtoto mdogo asiyeweza kukivuta kifyatulio kwa kidole kimoja hukivuta kwa vidole gumba viwili, na akifanya hivyo aghalabu mdomo wa silaha humwelekea yeye mwenyewe. Ndiyo maana wataalamu wanataka mambo manne yafuatwe kwa pamoja: silaha iwe tupu, ifungiwe, risasi zikae mahali pengine, nazo zifungiwe.

Siku wanafunzi wale walipouawa, Michigan haikuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye silaha kuifungia. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 13 Februari 2024, wiki moja baada ya mama kupatikana na hatia. Huko Virginia, mama mwingine alifungwa baada ya mtoto wake wa miaka sita kwenda na bastola ya nyumbani katika shule ya mji wa Newport News, tarehe 6 Januari 2023, na kumpiga mwalimu wake risasi. Mwalimu alinusurika. Mtoto hakushtakiwa, na ni haki hakushtakiwa. Wamarekani wana bunduki nyingi kuliko idadi ya watu wao, na tangu mwaka 2020 risasi ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wao wa kuanzia mwaka mmoja hadi 19. Taifa lenye maabara na hospitali za kila namna limefika mahali ambapo bunduki inaua watoto kuliko gari na kuliko ugonjwa wowote mmoja.

Bila shaka watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni ya Marekani, ambako bastola hununuliwa kama kiatu. Sisi Uganda tunayo Sheria ya Silaha za Moto tangu mwaka 1970, na raia hapati silaha ila kwa kibali. Hiyo ni kweli. Lakini kibali hakielezi hali ya Karamoja.

Katika mwaka 1979, askari wa Idi Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha liliachwa wazi, na wafugaji waliokuwa wakijilinda kwa mikuki na bunduki chache za kujitengenezea walibeba bunduki za kivita walivyoweza. Tangu hapo bunduki ikawa chombo cha malishoni kama fimbo. Mtoto wa kiume huanza na ndama na mbuzi karibu na boma, kisha hukua na kufuata ng'ombe mbali. Na waliko ng'ombe ndiko walikokuwa wenye kuwavizia. Baba wa Michigan aliinunua bastola iwe zawadi na mchezo. Baba wa Karamoja alimpa kijana wake bunduki kwa sababu ng'ombe ndiye chakula, ndiye mahari na ndiye akiba. Mizani ya lawama haiwezi kuwa moja kwa wazazi hao wawili.

Mwezi wa Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari, ikatoa majembe ya kukokotwa na mabati kwa waliozirudisha, na kiasi cha bunduki 10,000 zikapatikana. Waliozirudisha waliahidiwa ulinzi. Lakini jirani zao, Wapokot na Waturkana wa Kenya na Watoposa wa Sudan, hawakunyang'anywa zao kwa wakati huo, nao ulinzi haukutosha. Wengi wa waliosalimisha silaha waliporwa mifugo. Basi wazazi wakatafuta bunduki tena. Msako wa nguvu ulirudi mwaka 2006, ukafuatwa na miaka ya utulivu. Uporaji ukaanza upya mwaka 2019, na Julai 2021 ikaanzishwa operesheni ya Usalama kwa Wote. Mtu akimwambia baba wa huko aifungie bunduki yake sandukuni, na afanye hivyo ng'ombe wakiwa hawana mlinzi, atachekwa. Kwake kufuli ya kwanza ni askari anayefika siku ng'ombe wanapoibwa, wala si siku tatu baadaye.

Nchi za ukanda huu zililikubali jambo hilo kwa maandishi. Katika Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, ziliahidi kupiga marufuku raia kumiliki bunduki za kivita, na pia kuzitunza vema silaha zilizomo mikononi mwa dola yenyewe. Ahadi hii ya pili husahauliwa upesi, nayo yahusu watoto wengi zaidi. Silaha iliyo karibu zaidi na mtoto wa mjini si ya mwenye kibali: ni ya mlinzi wa kampuni, ya mgambo, ya polisi.

Ebu tuzitazame nyumba za askari wetu katika kambi nyingi za polisi, zile za bati za mviringo zinazoitwa yunipoti. Ni chumba kimoja, pazia katikati, upande huu kitanda cha baba na mama, upande ule mkeka wa watoto. Askari anayerudi usiku wa manane na bunduki begani, kwa sababu zamu yake ya alfajiri iko mbali na ghala ama mwenye funguo za ghala amekwisha lala, ataiegemeza wapi katika nyumba ile? Hana kabati la kulaumiwa. Mkuu wake wa kituo ndiye mwenye ghala la silaha, ndiye mwenye daftari la kutoa na kupokea, na ndiye anayeweza kuamuru kwamba mtu akae zamu kwenye mlango ule usiku kucha.