Obama Kabla ya Ikulu: Kiti cha Springfield

Hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza Barack Obama ni nani. Atakujibu bila kusita: Rais wa 44 wa Marekani, ambaye babake alitoka Alego, Siaya. Sasa mwulize kiti chake cha kwanza kilikuwa kipi. Hapo utamwona anakuna kichwa! Wengi hudhani mtu huyu aliruka moja kwa moja hadi Ikulu. La hasha. Alianzia katika bunge la jimbo la Illinois mwaka 1996, na namna alivyokipata kiti hicho bado inawagombanisha watu.

Kwanza tuelewane. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake mbali na lile kubwa la Washington. Bunge la Illinois lina maseneta 59 na wawakilishi 118, nalo hukutana katika mji wa Springfield, wala si Chicago. Usilifananishe sana na mabunge yetu ya kaunti yaliyoanza mwaka 2013. Lile lina nguvu zaidi. Hutunga sheria za shule, za polisi, hata za adhabu ya kifo.

Mgombea mwenyewe alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Babake, aliyekuwa amekwenda kusoma huko, alirudi Kenya akafariki katika ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Mwaka 1985 kijana huyu alihamia Chicago, upande wa kusini, ambako viwanda vya chuma vilikuwa vikifungwa na wazee wa nyumba wakibaki bila kazi. Kazi yake ilikuwa kupiga milango, kuketi na akina mama na kuwauliza shida zao. Katika mtaa wa Altgeld Gardens, nyumba za serikali zilikuwa na asbesto, ile madini inayoharibu mapafu. Wakaazi walijipanga wakaenda ofisi za wakubwa kudai iondolewe. Baadaye alisomea sheria Harvard, akarudi Chicago, na mwaka 1992 akaongoza kampeni iliyoandikisha wapiga kura wapya karibu 150,000. Kwa hivyo alipotangaza kugombea mwaka 1995, hakuwa mgeni kabisa.

Aliwaahidi nini watu? Kazi, mafunzo ya ufundi, shule bora. Hayo kila mgombea husema, hata wa kwetu! Lililonivutia mimi ni jingine. Alikumbusha kwamba Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, alipendwa sana, lakini alipofariki mwaka 1987 nguvu za watu zikatawanyika kwa sababu hakukuwa na mpango wa kuziendeleza. Obama alisema mwanasiasa afanye kazi kama mwalimu na mpangaji, awazoeshe wananchi kujisimamia.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kiti hicho kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyeheshimika sana pale. Yeye alitaka kwenda bunge la Washington, akamuunga mkono Obama hadharani amrithi. Novemba 1995 Palmer akabwagwa katika uchaguzi wa mchujo, akageuka: kiti changu nakitaka tena. Obama akakataa kuondoka. Na mwezi huohuo ndipo mamake mzazi alipofariki.

Kisheria mgombea alihitaji sahihi 757 za wapiga kura wa eneo lake. Palmer alikusanya zaidi ya 1,500 kwa haraka haraka. Watu wa Obama wakaketi na daftari la wapiga kura wakaanza kukagua jina moja moja. Huyu hakujiandikisha, futa. Yule anaishi eneo jingine, futa. Walipomaliza, Palmer alijiondoa, na wapinzani wengine watatu wakaenguliwa vivyo hivyo. Katika mchujo wa Machi 1996 Obama alibaki peke yake kwenye karatasi ya kura. Mwenyewe alijitetea kwamba alifuata sheria zilizokuwapo. Ni kweli, alizifuata. Ila mimi naona kinaya: mtu aliyepata sifa kwa kuwaandikisha watu wapige kura alianza siasa kwa kuwaachia wapiga kura wa chama chake jina moja tu.

Ushindi wa Novemba 1996 ulikuja kwa urahisi, lakini Springfield haikuwa rahisi. Chama chake cha Democratic kilikuwa na maseneta wachache hadi mwaka 2003. Hata hivyo, mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuwazuia wabunge kupokea zawadi ovyo. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika bunge la Washington, naye akaangushwa vibaya: kwa kila kura yake, Rush alipata mbili.

Alirudi kwenye kiti chake cha Springfield. Mwaka huohuo Gavana George Ryan alikuwa amesimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo Illinois, kwa kuwa watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamebainika hawana hatia. Obama aliketi na polisi, waendesha mashtaka na wapinzani wa adhabu ya kifo mpaka wakaelewana, na mwaka 2003 ikapita sheria kwamba mshukiwa wa mauaji anapohojiwa na polisi, mahojiano hayo yarekodiwe.