Rudi Jikoni Kwanza

Siku ya jumuiya ya Kikatoliki, Bahi mkoani Dodoma, watu huja na vigoda vyao. Mwenyeji ametandika mikeka kivulini, kuku wamefukuzwa, katibu amekwisha kufungua daftari. Anayeingia husema "Mbukwenyi!" naye huitikiwa "Mbukwa!" kabla hata ya Tumsifu Yesu Kristo. Somo la Dominika inayokuja husomwa, anayetaka hueleza limemgusa wapi, sala husaliwa. Kisha huulizwa swali ambalo mgeni anaweza asilitilie maanani: nani hajaonekana leo?

Hapo ibada hunyanyuka mkekani. Aliye na mgonjwa hutembelewa, aliyefiwa hupelekewa unga na kuni, na aliyekosana na mwenzake hufuatwa nyumbani.

Utaratibu huu si wa Bahi peke yake. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaazimia parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za majirani. Kwa Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Bahi imo, wazo hilo lilikuja wakati wake. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa imewatoa watu kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwapanga vijijini. Waliofanywa majirani kwa amri walihitaji sababu nyingine ya kujuliana hali.

Waanglikana wa nyanda hizi, ambao dayosisi yao ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, walikuwa na njia yao iliyotangulia. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu ileile, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Urafiki wao ulikuwa moja ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao uliingia pia Tanganyika. Walokole, yaani wafuasi wa Uamsho huo, waliita mwenendo wao kutembea nuruni: dhambi haikuishia kuungamwa kwa Mungu, ilitajwa mbele ya ndugu, na aliyeibiwa alirudishiwa chake.

Mmoja wao aliishi Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Bahi. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, Uganda, alifundisha miaka mingi katika Shule ya Sekondari ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na leo ni makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Baadaye alikuwa askofu, akaikimbia Uganda ya Idi Amin mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, kisha akatoa kitabu kilichotangaza tangu jina lake kwamba anampenda Amin.

Lakini kisa chake kizuri kuliko vyote ni cha jikoni. Alikuwa akisimulia kwamba siku moja alikosana na mkewe, Mera, huku muda wa kwenda kuhubiri ukiwa umewadia. Moyoni akasikia Roho akimwambia arudi amwombe mkewe msamaha. Akajitetea kwamba watu wanamngoja. Jibu alilosikia lilikuwa kwamba basi aende akahubiri, ila Roho atabaki jikoni na Mera. Festo akarudi jikoni.

Mtu aliyezaliwa pwani au bara anaelewa uzito wa hilo. Mume kuomba radhi jikoni, tena mhubiri!

Uamsho ulikuwa na makali yake pia. Wako waliotengwa kwa kuwa ushuhuda wao haukufanana na wa wenzao, na dhambi iliyotajwa mbele ya watu huweza kugeuka umbea kabla jua halijazama. Jumuiya nazo zina ugonjwa wao: daftari la michango huweza kunenepa hadi likaisukuma Biblia pembeni, na asiye na hela akaanza kukwepa zamu ya kukaribisha.

Hata hivyo, kwa nchi kama Bahi ni vigumu kuona imani ikikua kwa njia nyingine. Mvua ni chache na haina ahadi. Maji ya majaruba ya mpunga yana zamu, na zamu ina wizi wake. Ng'ombe wa huyu huingia kwenye uwele wa yule. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi na mahubiri ya Jumapili, kwa sababu kanisani wagomvi wanaweza kukaa mabenchi mawili tofauti mwaka mzima. Kwenye mkeka wa jumuiya watu ni wachache, na amani hutolewa kwa mkono.

Kwa hiyo msomaji, katibu wenu atakapofungua daftari wiki hii, mwombe aanze na ukurasa wa mahudhurio, si wa michango. Na kama asiyeonekana anakukwepa wewe, usimtume mwenyekiti.