Mpakani Busia: Afisa wa uhamiaji kati ya sheria na kapu la nyanya

JUA halijapanda vyema mjini Busia, na tayari msururu umejipanga mbele ya madirisha ya uhamiaji. Kuna madereva waliolala ndani ya malori yao, abiria wa mabasi ya usiku yaendayo Kampala, na akina mama wenye makapu ya nyanya, ndizi na dagaa, wanaotaka kufika sokoni kabla ya jua kali.

Nyuma ya kioo ameketi afisa wa zamu. Kwake kila anayefika dirishani ni kazi ya dakika chache. Kwa mwenye nyanya, dakika hizo zikigeuka saa, faida ya siku huyeyuka.

Wengi hudhani kazi ya afisa huyu ni kugonga muhuri tu. Muhuri ni hatua ya mwisho. Kabla yake huilinganisha sura na picha, hukagua kama hati ni halali, huuliza safari ni ya nini na ya siku ngapi, kisha hutazama iwapo jina limo katika orodha ya wanaotafutwa. Mtoto akisafiri na mtu asiye mzazi wake, maswali huongezeka, kwani mipakani ndiko wanakopitishwa wanaosafirishwa kiharamu. Yote hayo hufanywa huku msururu ukinung'unika nyuma.

Nchi mbili chini ya paa moja

Zamani msafiri alipanga foleni mara mbili: upande wa Kenya kugongewa muhuri wa kutoka, kisha upande wa Uganda kugongewa wa kuingia. Umbali kati ya vituo hivyo viwili ndio uliowapa riziki vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo, na hapo ndipo jina 'boda boda' lilipozaliwa.

Mambo yalibadilika kituo cha pamoja kilipojengwa. Kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda. Sasa msafiri husimama mara moja, katika nchi anayoingia. Anayetoka Kenya hukamilisha shughuli zote upande wa Uganda, ambako afisa wa Kenya humruhusu kutoka na mwenzake wa Uganda, aliye karibu naye, humruhusu kuingia.

Maana yake ni kwamba afisa wa Kenya anaweza kufanya kazi kutwa nzima katika ardhi ya Uganda, akitumia sheria za Kenya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi ndiyo inayompa mamlaka hayo.

Mtihani wa kila siku

Mtihani mgumu zaidi huletwa na jirani. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Hilo liliwafaa sana wafanyabiashara wadogo. Lakini Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na kwao kuvuka ni kama kwenda kwa shangazi. Mama hutoka nyumbani alfajiri na kapu lake, kitambulisho amekisahau mezani.

Afisa afanye nini? Akimpitisha, amevunja sheria na huenda akajibu mbele ya mkubwa wake. Akimrudisha, nyanya zitaoza, au mama atashika njia ya panya. Huko hakuna foleni, lakini kuna wanaodai pesa, wanaonyang'anya mizigo na wanaowanyanyasa wanawake, naye hawezi kushtaki kwa kuwa mwenyewe hana ushahidi kwamba alivuka kihalali. Chini ya sheria ya Kenya ya 2011, anayepatikana nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa jela muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Hapo ndipo kishawishi cha 'kitu kidogo' huingia. Noti iliyokunjwa ndani ya kitambulisho humpunguzia mama usumbufu wa leo, lakini kesho itadaiwa tena, na bei ya nyanya itapanda kufidia. Afisa anayeikataa hulaumiwa na msururu kwa ukali, na anayeipokea hutia kazi yake hatarini.

Mwaka 2020 ulionyesha uzito wa dirisha hili. Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19, malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini madereva walipimwa na foleni zikawa ndefu. Mwenye kapu hakuwa na lori, basi biashara yake ilisimama.

Jua dirisha lako

Ugomvi mwingi mpakani hutokana na kumwendea afisa asiyehusika. Uhamiaji hushughulikia watu. Ushuru ni wa forodha: KRA upande wa Kenya na URA upande wa Uganda. Mimea na mazao mabichi yanayoingia Kenya hukaguliwa na KEPHIS. Afisa wa uhamiaji hana uwezo wa kukusamehe ushuru hata akikuhurumia.

Kwa mfanyabiashara mdogo, bidhaa zilizozalishwa katika Jumuiya, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha. Hata hivyo, cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea.

Kwa hivyo, kabla ya kubeba kapu, beba kitambulisho halisi, wala si nakala. Sema ukweli kuhusu safari yako, kwani majibu yanayopingana ndiyo yanayomfanya afisa akuweke kando. Ukiombwa pesa, omba risiti. Malipo halali yana risiti, na afisa mwaminifu hataudhika ukiiulizia.