Toba Inayorudisha: Urithi wa Wanauamsho kwa Mkristo Kazini

Katika historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki, swali la jinsi imani inavyopaswa kuonekana kazini na nyumbani halikupata jibu la wazi zaidi kuliko lile lililotolewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani mwamko wa kiroho ulioanza miongoni mwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, ukaenea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, ukawaacha nyuma yake watu wanaoitwa balokole, jina la Kiganda lenye maana ya waliookoka, ambalo Waswahili wamelifanya walokole. Jibu lao lilikuwa kwamba toba ni jambo la moyo ambalo halina budi kufika ghalani, kwenye daftari la hesabu na katika chumba cha mume na mke, na kwamba lisipofika huko bado halijakamilika.

Ni muhimu kukumbuka kwamba chimbuko mojawapo la mwamko huo lilikuwa mahali pa kazi, nayo ni hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikofika daktari Mwingereza Joe Church mwaka 1928. Mwaka uliofuata Church alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Baadaye Yosiya Kinuka, aliyewaongoza wauguzi wasaidizi wa Gahini, alipokwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko mengi kuhusu hali ya hospitali, aliambiwa kwamba chanzo cha uozo huo ni dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirudi, akatubu na kuanza kufanya kazi ile ile kwa namna nyingine. Uzito wa tukio hilo uko katika mpangilio wake, kwa maana mtu aliyekwenda kushtaki kazi alirudi akiwa amejishtaki, na wagonjwa ndio waliokuwa wa kwanza kufaidika na wokovu wake.

Kutokana na msimamo huo ilijengeka desturi ya marejesho, yaani tendo la mwenye kutubu kumrudishia aliyemdhulumu kitu alichochukua au thamani yake. Waliookoka walirudisha mali walizoiba kwa waajiri wao, wakalipa kodi walizokwepa, wakawaendea majirani waliowadanganya. Msingi wake ni wa kale, kwani torati katika kitabu cha Walawi inamtaka mdhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano kabla ya kuleta sadaka ya hatia, na Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kulipa mara nne. Mpangilio wa torati hapa unastahili kusisitizwa mbele ya kila mimbari ya leo: aliyedhulumiwa analipwa kwanza, madhabahu inafuata. Fedha iliyoibwa ofisini haitakaswi kwa kutolewa fungu la kumi, hata kama mchungaji ataipokea kwa shukrani.

Desturi ya pili iliitwa kutembea nuruni, maana yake kusema ukweli juu ya nafsi yako mbele ya ndugu na kutovumilia kinyongo kikae bila kutajwa. Katika jamii ya kikoloni iliyowatenga watu kwa rangi, lilikuwa jambo zito kwa mmisionari Mzungu kumwomba msamaha Mwafrika hadharani, na halikuwa jepesi kwa Mwafrika aliyeonewa kwenda upande wa pili. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kumfuata Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia ili amwombe radhi. Nguvu hiyo ilikuwa na hatari yake pia, kwa kuwa ungamo la hadharani liliweza kugeuka kuwa shinikizo, na baadhi ya ndugu waliwahukumu kwa ukali Wakristo wasiosimulia wokovu kwa maneno yao.

Hata hivyo upungufu mkubwa zaidi ulikuwa kwingine. Katika miaka ile ile ya 1930 ambapo uamsho ulikuwa ukiwaka Gahini, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukiwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyowaandika kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na miongo sita baadaye, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, vitambulisho vya aina hiyo viliamua nani auawe kwenye vizuizi vya barabarani. Wako wanauamsho waliokufa kwa kuukataa mgawanyo huo, na ushuhuda wao unastahili heshima isiyopunguzwa. Lakini kanisa lililomfundisha mtu kuungama blanketi aliloiba halikumfundisha vya kutosha kuuliza habari ya karatasi halali, yenye mhuri wa serikali, iliyokuwa ikitenda dhambi kwa niaba ya wote.

Urithi huo wa pande mbili ndio unaopaswa kupelekwa katika ibada za saa ya chakula cha mchana zinazofanyika katika ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam. Mhasibu anayeimba kwa machozi adhuhuri huenda jioni akasaini posho ya safari isiyofanyika, na mwenye nyumba anayeongoza jumuiya huenda amemcheleweshea msaidizi wa kazi za nyumbani mshahara wake. Makosa hayo yana mdhulumiwa anayejulikana, na njia ya marejesho iko wazi. Ugumu unaanza pale mali ilipotoka kwa umma, kama dawa za zahanati zilizouzwa duka la jirani, ambapo aliyeumia ni mgonjwa asiyejulikana jina wala kaburi. Kitabu cha Hesabu kilikwisha kulikabili jambo linalofanana na hilo, kikaamuru kwamba asipokuwapo mdhulumiwa wala jamaa wa kupokea malipo, deni lisifutwe bali lilipwe kwa Bwana kupitia kwa kuhani. Kwa muuguzi wa leo, tafsiri iliyo karibu zaidi na amri hiyo ni kuirudisha thamani ya dawa katika zahanati ile ile na kueleza kwa maandishi jinsi zilivyotoka, ili mlango zilikopitia ujulikane na kufungwa, hata kama maelezo hayo yatamgharimu ajira yake.