Akiba ya Mafuta Isiwe Akiba ya Moto

Mtu anayesimama alfajiri kando ya barabara itokayo Mwanza kuelekea Shinyanga hakosi kuiona pikapu inayovuta trela. Juu ya trela pengine imelazwa boti mpya inayopelekwa kwa mvuvi wa mbali, pengine jenereta, pengine mashine ya kusaga, pengine magunia ya dagaa yaliyofungwa kwa turubai. Nyuma ya kichwa cha gari, katikati ya mizigo, mara nyingi huonekana pia madumu mawili matatu ya manjano, au pipa la lita 200 lililolazwa ubavu na kuzuiwa kwa gogo lisiviringike. Hayo ndiyo mafuta ya akiba. Leo tunapenda kuyazungumzia, maana ni jambo lenye manufaa yake na hatari yake, na hatari hiyo imezoeleka kiasi kwamba watu wengi hawaioni tena.

Tuanze kwa kutenda haki. Wenye magari hawabebi mafuta hayo kwa upuuzi. Pikapu ya kawaida, mathalani Toyota Hilux za miaka ya karibuni, huwa na tangi la lita 80. Tuseme gari hilo bila mzigo huenda kilometa 10 kwa lita moja. Tangi likijaa litalifikisha kilometa 800. Lakini gari hilo hilo likifungwa trela ya tani moja na nusu, yenye boti pana inayokinga upepo, si ajabu lita moja ikalipeleka kilometa 6 tu. Lita 80 basi zitakwisha kabla ya kilometa 500. Kutoka Mwanza hadi Dodoma ni kiasi cha kilometa 700, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100. Dereva aliyezoea kuifika Dodoma kwa tangi moja hushangaa gari likimzimikia njiani, kumbe hesabu ilikwisha kumkataa tangu Mwanza.

Desturi hii pia ina asili yake. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, na ikapanda tena mwaka 1979 wakati nchi yetu imetoka katika vita vya Kagera, petroli ilikuwa kitu adimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kubana matumizi. Katika hali ile, dereva aliyeondoka Mwanza bila akiba alikuwa amejitolea kulala porini. Hata Land Rover ndefu za zama hizo ziliweza kufungwa tangi la pili chini ya kiti cha upande wa pili, pamoja na koki ya kubadilisha kutoka tangi hili kwenda lile. Wala uhaba haujawa hadithi ya kale tu, kwani mwaka 2023 baadhi ya mikoa yetu ilionja tena adha ya vituo visivyo na mafuta. Akiba haiozi, walisema wahenga, nasi hatuwapingi. Bali tunasema kwamba akiba hii, tofauti na ya mtama, yaweza kuwaka.

Swali la kwanza ambalo kila mwenye pikapu anapaswa kujiuliza ni hili: je, safari yangu inahitaji akiba kweli? Njia kuu ya kwenda Dar es Salaam ina lami, na vituo vya mafuta vipo Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma. Upande wa magharibi, daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya pantoni iliyokuwa ikila saa nyingi za wasafiri wa Sengerema na Geita. Kwa safari za namna hiyo, kanuni ya madereva wa zamani yatosha: tangi likifika nusu, lijazwe. Kadhalika, kupunguza mwendo kutoka kilometa 100 kwa saa hadi 80, kujaza upepo matairi ya gari na ya trela kwa kipimo chake, na kukaza turubai lisipepee, ni namna ya kuongeza mafuta bila kununua hata lita moja.

Haja ya kweli ipo kwa wale waendao nje ya lami: kwenye mialo ya Buchosa, kwenye vijiji vya Ukerewe, na kwingineko ambako mafuta huuzwa kwa chupa, kwa bei ya juu, na bila uhakika wa usafi wake. Wenzetu hao hatuwaambii waache akiba. Tunawaambia waibebe inavyostahili.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya dizeli ina uzito wa karibu gramu 840, hivyo pipa la lita 200, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 190, sawasawa na watu wazima watatu. Trela nayo hukandamiza nyuma ya gari. Kwa trela ya kilo 1,500 iliyopakiwa vizuri, kilo 150 hivi hukaa juu ya ndoana. Pipa likiwekwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, uzito wote huo hulemea ekseli ya nyuma na kunyanyua pua ya gari. Usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupungua nguvu, na taa humulika machoni mwa wanaokuja. Kama ni lazima mafuta yabebwe, yakae mbele ya bodi, yakiegemea upande wa kichwa cha gari, na uzito wake utolewe katika mzigo mwingine. Mtengenezaji amekwisha kuandika gari lake libebe na livute kiasi gani, na mafuta ya ziada hayabadili maandishi hayo.

Jambo la pili ni tofauti ya petroli na dizeli, ambayo wengi huichukulia kuwa ni ya bei tu. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha maji, seuze katika jua la Mwanza. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya chini ya viti, ukingojea cheche ya sigara au ya swichi. Kwa sababu hiyo dumu la petroli halina nafasi ndani ya kichwa cha gari, hata kwa safari fupi ya kupeleka mafuta ya injini za boti mwaloni.

Madumu yenyewe nayo yatazamwe. Dumu la manjano lililokuja na mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli. Kifuniko chake huvuja, na plastiki yake hudhoofika. Tena petroli huvimba kwa joto, kwa kadiri ya asilimia moja kwa kila nyuzi 10. Dumu la lita 20 lililojazwa hadi shingoni wakati wa baridi ya alfajiri, likaachwa juani hadi saa nane mchana, laweza kutaka nafasi ya nusu lita ambayo halina. Vyombo vya chuma vilivyoundwa kwa kazi hiyo vipo. Navyo visijazwe hadi juu. Na wakati wa kujaza, chombo kishushwe chini ardhini. Kikijazwa kikiwa juu ya bodi yenye zulia la plastiki, umeme wa msuguano huweza kujikusanya na kutoa cheche mdomoni pa chombo.

Kwa mtu anayevuta trela kila wiki katika njia zisizo na vituo, suluhisho lililo bora ni tangi la ziada la dizeli lililofungwa kwa ufundi. Tangi la lita 60, kwa hesabu yetu ya hapo juu, huongeza kilometa 360, na uzito wa mafuta yake ni kilo 50 hivi tu. Lifungwe kwa boliti kwenye chasisi, si kwenye bati la bodi peke yake. Likae mbali na bomba la moshi. Liwe na kuta za ndani zenye matundu ili mafuta yasisukumane kwenye kona. Liwe na mrija wa kupumulia unaotoka nje, kichujio, na koki ya kufunga wakati tangi kuu limejaa, lisije likafurika barabarani. Kabla ya kutumika lipimwe kwa maji ili kuona kama linavuja, kisha likaushwe. Na mwenye gari amwarifu wakala wake wa bima, maana gari limebadilishwa.

Hapa tunataka kuwasemesha ndugu zetu mafundi wa kuchomelea, ambao kwa kweli ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Msitengeneze tangi la dizeli kwa bati lililopakwa zinki, ingawa ni rahisi na halishiki kutu. Zinki huyeyuka ndani ya dizeli na kufanya utando unaoziba nozeli. Mteja atafurahi mwezi wa kwanza na kulia mwezi wa sita. Na zaidi ya yote, msichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta kwa kuwa tu limekauka. Pipa tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana lililojaa halina hewa ndani, na lililo tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa kwa kipimo kile kile kinachohitajiwa na mlipuko. Tumieni bati jipya la chuma.

Hatusemi haya kwa kutishana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, na moto ulipowaka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Jambo lile halikuhusu pikapu wala trela. Lakini lilitufundisha kwamba wananchi wetu wengi bado wanaiona petroli kama maji yenye bei, na fikra hiyo ndiyo inayopanda dumu ndani ya gari lenye abiria, na ndiyo inayoingiza pipa katika kivuko cha Kisorya na Rugezi huku mtu kando yake akiwasha sigara.

Kwa hiyo tunatoa wito. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA, waandae mfano mmoja wa tangi la ziada, wenye vipimo na michoro, ili fundi wa Mwanza asibuni mwenyewe kitu kinachoweza kuua. Askari wa usalama barabarani, wanapokagua trela, wakague pia mafuta yamebebwaje, wakielimisha kabla ya kutoza faini. EWURA imekwisha kulegeza masharti ya ujenzi wa vituo vidogo vya mafuta vijijini. Wenye mitaji wa kanda yetu waitumie nafasi hiyo, kwani kituo kimoja chenye pampu moja karibu na mwalo huondoa madumu mengi barabarani. Mwaka 2024 wavuvi na wafugaji wa samaki walikabidhiwa boti za kisasa na vizimba hapa Mwanza. Kazi ya kuvuta boti na kupeleka mafuta ziwani itazidi, haitapungua.

Mwenye pikapu naye afanye hesabu kabla ya kuwasha gari: kilometa ngapi, lita ngapi, kituo kiko wapi. Akiona haja ya akiba, aibebe katika chombo chake, mahali pake, na kwa kiasi chake. Boti anayoivuta inangojewa mwaloni, naye anangojewa nyumbani.