Panya waliohama jengo

Msomaji mmoja ameniandikia swali lisilonitoka kichwani. Yeye na dada yake wana ugonjwa uleule wa mishipa ya damu ya ubongo, wote wameurithi kwa mama yao, na jeni yenye hitilafu ni ileile. Picha yake ya MRI ina doa moja, na hajaumwa hata siku moja. Ya dada yake imejaa madoa, na tayari ana kifafa. Imekuwaje?

Ugonjwa wenyewe ni kavenoma. Wapo wanaomwambia mgonjwa kwamba ana "uvimbe", naye hukesha akiwaza saratani. Ndiyo maana nitabaki na kavenoma. Ni vishipa vidogo vya damu vilivyotanuka na kusongamana, kuta zake nyembamba mno, na huvuja. Vikivuja huweza kuleta kifafa au kiharusi, au visilete lolote. Mtu 1 hivi kati ya 200 ana kavenoma, wengi wao bila kujua. Iliyo adimu ni ile ya kurithi, inayoota nyingi kwa pamoja. Jeni zake ni tatu: KRIT1 iliyotambuliwa 1999, CCM2 mwaka 2003 na PDCD10 mwaka 2005. Hizo tuziache hapo, kwa sababu utamu uko mbele.

Ugonjwa adimu una shida yake: hospitali moja huona wagonjwa wachache mno kuweza kulinganisha chochote. Ndiyo maana jimbo la New Mexico, Marekani, lina thamani kubwa katika habari hii. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba familia nyingi za huko zenye asili ya Kihispania zimerithi hitilafu moja kutoka kwa babu mmoja wa kale. Mwaka 2002 Connie Lee, mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa, akaanzisha shirika la Angioma Alliance, likakusanya orodha ya wagonjwa na hifadhi ya sampuli zao ili mtafiti yeyote asianze na mikono mitupu. Mwaka 2009 vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo cha New Mexico na cha California kilichoko San Francisco, vikaungana katika mtandao mmoja wa utafiti. Hapo wakapatikana watu 188 wenye hitilafu ileile ya KRIT1. Wengine walikuwa na madoa machache, wengine mamia. Swali la msomaji wangu likawa sasa linaweza kupimwa.

Fununu ya jibu ilitoka kwa panya. Maabara ya Mark Kahn katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilikuwa na panya waliobadilishwa jeni ili wapate kavenoma, na walizipata bila kukosa. Kisha panya wakahamishiwa jengo jipya. Wengi wao wakaacha kuugua! Jeni hazikubadilika, kilichobadilika ni nyumba. Wachache walioendelea kupata kavenoma walikutwa na majipu tumboni yaliyojaa bakteria. Watafiti wakafuata uzi huo. Wakalea panya wasio na bakteria hata mmoja mwilini, wakaona bongo zao karibu zote ni safi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017, na mimi sijachoka kuyasoma.

Bakteria wa utumbo anafikaje kwenye mshipa wa ubongo? Yeye mwenyewe hafiki. Kinachofika ni vipande vya ganda lake, mafuta yaliyoungana na sukari, vinavyopenya utumbo na kuingia kwenye damu. Seli zinazotandika mshipa kwa ndani zina kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ni kunasa vipande hivyo. Kikivinasa, husukuma kimeng'enya MEKK3, na MEKK3 huamrisha seli zilegeze maungio yao. Protini za zile jeni tatu ndizo humzuia MEKK3 asipite kiasi.

Fikiria lori linalokaribia mteremko wa Kitonga. Lina breki mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyerithi ugonjwa kazaliwa na breki moja mbovu katika kila seli, na bado lori linatembea vizuri, kwa sababu ile ya pili inatosha. Siku moja, katika seli moja tu, ya pili nayo inakatika. Je, lori limepinduka? Bado, maana lori lisilo na breki likiwa mahali tambarare husimama tu. Linahitaji msukumo, na msukumo ndio vile vipande vya ganda la bakteria. Utingo naye ameweka jiwe chini ya tairi: jiwe hilo ni ute unaofunika utumbo na kuwazuia bakteria wasisogee. Mwaka 2019 timu hiyohiyo ya Kahn ilionyesha kwamba panya wakipoteza PDCD10 kwenye utumbo, ute wenyewe hupungua. Yaani hitilafu moja inakata breki na kuondoa jiwe pia, na kwa binadamu kavenoma ya PDCD10 ndiyo kali kuliko zote. Mwaka 2021 wakakuta jambo la ziada katika kavenoma zilizokatwa kwa wagonjwa: jeni PIK3CA iliyobadilika ndani ya kavenoma yenyewe, kama mguu wa dereva ulionata kwenye pedali ya mafuta. Dawa ya rapamaisini, wanayopewa waliopandikizwa figo, ilizuia kavenoma kukua kwa panya.

Wale watu 188 walikuwa wakingoja. Waliorithi aina ya TLR4, au ya mwenzake CD14, inayofanya kazi kwa nguvu zaidi, walikuwa na madoa mengi zaidi. Mwaka 2020 wagonjwa kutoka sehemu mbalimbali wakatoa sampuli za choo, na bakteria wao wakatofautiana na wa watu wazima wa afya: waliozidi ni wenye ganda lile la hatari, na aliyepungua ni Faecalibacterium, anayelisha ukuta wa utumbo.

Basi msomaji wangu, huenda wewe na dada yako mna breki zilezile mbovu, lakini misukumo yenu ni tofauti: vipokezi tofauti, matumbo tofauti. Bado hakuna dawa iliyothibitishwa kwa binadamu. Upasuaji upo kwa kavenoma inayosumbua na inayofikika. Kuhusu antibiotiki ulizouliza mwishoni, usimpe dada yako. Zitamuua Faecalibacterium pamoja na wengine, na huyo ndiye mnayemhitaji.