Si kila kukakamaa ni kifafa

Bandugu, kwetu Kasongo na Kabambare, mtoto mchanga akipinda mgongo na kukaza shingo tunasema tu: kifafa. Mimi pia nilisema hivyo. Kumbe pengine ni asidi ya tumbo inayopanda kooni, kwani mlango wa tumbo lake haujakaza vizuri. Anajinyonga kwa maumivu. Inaitwa sindromu ya Sandifer, ilielezwa mwaka 1964. Mama, angalia: inakuja kisha kunyonya? Mtoto yuko macho, anacheua? Mrekodi kwa simu, munganga aone, asipewe dawa za kifafa bure. Lakini akiwa na homa ao akipoteza fahamu, usingojee. Malaria inaua: mpeleke kituo cha afya saa ile ile.